Kabla Hujanunua Roboti ya Kugeuka

Roboti ya kugeuka ni midoli miwili ndani ya mmoja. Ikiwa imekunjwa ni lori, gari dogo, ndege au katapila. Ukiikunjua sehemu kwa sehemu inasimama kwa miguu miwili, ina kichwa, mikono na silaha. Vijana wengi wa Singida waliijua kupitia filamu za Transformers, hasa ile ya kwanza ya Michael Bay ya mwaka 2007, iliyozunguka kwenye vibandaumiza na baadaye kwenye simu. Siku hizi midoli yenyewe inapatikana pia. Ipo ya bei ndogo, inayotundikwa madukani kwenye mifuko ya nailoni. Ipo ya mitumba, inayomwagwa kwenye turubai siku ya mnada. Na ipo ile ya gharama, ya wakusanyaji, inayoagizwa kupitia Kariakoo au moja kwa moja kutoka nje ya nchi.

Makala hii ni ya mzazi, mjomba, shangazi au kijana mkusanyaji anayetaka kutoa fedha yake kwa mdoli wa namna hiyo. Ninalolisimamia ni moja: roboti ya kugeuka hununuliwa kwa viungo vyake na kwa ukamilifu wa vipande vyake. Sanduku, jina la filamu na mng'aro wa rangi vinakuja baada ya hapo. Mtu akilishika hilo hatapoteza fedha nyingi, hata akinunua mnadani.

Ilikotoka

Midoli hii haikuanzia Marekani. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza midoli ya Diaclone mwaka 1980, mfululizo uliozaa magari na ndege zilizogeuka roboti, zenye nafasi ya kukaa dereva mdogo mwenye sumaku miguuni. Mwaka 1983 wakaongeza Micro Change, vitu vya kawaida kama redio ya kaseti na bastola vilivyogeuka roboti. Hasbro ya Marekani ikachukua midoli hiyo, ikaipa majina mapya na hadithi mpya, na kuanzia mwaka 1984 ikaiuza kwa jina la Transformers. Lori jekundu lenye tela likawa Optimus Prime. Redio ya kaseti ikawa Soundwave, na kaseti zake zikageuka ndege na wanyama.

Takara iliungana na Tomy mwaka 2006. Kwa hiyo mdoli halali wa siku hizi hubeba mhuri wa Hasbro au wa Takara Tomy, mara nyingi yote miwili, uliochongwa kwa herufi ndogo sana kwenye plastiki yenyewe: chini ya unyayo, nyuma ya mguu au ndani ya paja. Nimeitaja historia hii kwa sababu mhuri huo ni mojawapo ya vitu utakavyovitafuta ukishika mdoli dukani.

Daraja la wakusanyaji lilipanda juu mwaka 2003, Takara ilipotoa mfululizo wa Masterpiece kwa kuanza na Optimus Prime mwenye vipande vingi vya chuma. Tangu hapo kuna midoli inayotengenezwa kwa ajili ya watu wazima. Tofauti yake na ya watoto si ukubwa tu. Ina viungo vingi zaidi, milango myembamba inayokunjwa ndani ya kifua, vioo vya plastiki angavu, na hatua za kugeuza zinazoweza kumchukua mtu robo saa au zaidi mara ya kwanza. Kwenye sanduku huandikwa miaka 14 au 15 na kuendelea. Wazazi wengi huisoma namba hiyo kama kipimo cha akili, wakasema mtoto wangu ni mwerevu, ataweza. Mtoto wa miaka 7 huenda akaweza kweli kuigeuza. Lakini namba hiyo inahusu pia vipande vidogo, ncha kali na uimara: mdoli wa aina hii hautengenezwi uanguke sakafuni kila siku.

Kuna midoli miwili mingine ya gharama inayotajwa sana, naipitia kwa haraka. LEGO walitoa Optimus Prime mwaka 2022, seti ya vipande 1,508 unayoijenga mwenyewe, na ukimaliza inageuka kuwa lori bila kubomolewa. Imewekewa umri wa miaka 18 na kuendelea. Kampuni ya Robosen nayo ilitoa mwaka 2021 Optimus Prime mwenye mota 27 anayejigeuza mwenyewe kwa amri ya sauti au kwa programu ya simu, kwa bei ya kuanzia ya takribani dola 700. Hiyo inazidi shilingi milioni moja na nusu kabla ya usafiri na kodi. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Lakini amri zake ni za Kiingereza, na mota moja ikifa huku kwetu hakuna wa kukuuzia nyingine. Kwa mtu wa Singida nisingeipendekeza.

Kagua kwa mikono yako

Muuzaji mzuri atakuruhusu kuigeuza roboti kutoka gari hadi roboti na kurudi tena. Hicho ndicho kipimo kikubwa, na kina utaratibu wake.

Anza na gari. Liweke juu ya meza iliyo sawa au juu ya kioo cha kabati la duka. Je, matairi yote manne yanagusa chini? Lisukume kwa kidole. Gari lililokunjwa vizuri hutembea bila kukwaruza tumbo. Likikwaruza, ama hujalifunga sawasawa, ama kuna kiungo kimepinda. Kisha angalia mistari ya maungio juu ya boneti na milango. Mdoli mzuri hufunga kwa vijino vinavyoingia kwenye matundu yake na ukasikia vimekaa. Kama unalazimika kulishika gari kwa mikono miwili lisifunguke, vijino hivyo vimelika au vimekatika.

Sasa ligeuze. Fuata karatasi ya maelekezo kama ipo, na usilazimishe kamwe. Kiungo kikigoma, rudi hatua moja, maana mara nyingi kuna sehemu nyingine iliyotakiwa kutangulia. Wakati unageuza, sikiliza. Viungo vya mabega na nyonga vya midoli mikubwa huwa na meno ya ndani yanayotoa mlio wa tak-tak-tak. Mlio huo ukiwa mkali na sawa pande zote mbili, viungo ni vizima. Bega moja likilia na lingine likiwa kimya, meno ya lile la kimya yamelika, na hilo halirekebishiki kwa urahisi.

Kuna viungo vya mpira, ambapo kijiduara huzunguka ndani ya kikombe, na vya msuguano tu, vinavyoshikwa na pini au skrubu. Hivi hulegea kwa kutumika, lakini hutengenezeka. Isimamishe roboti wima, inyanyue mikono yote miwili usawa wa mabega, uiache hapo unapozungumza bei. Mikono ikishuka yenyewe au kiuno kikiinama, una hoja ya kupunguziwa bei.

Tazama kwa makini sehemu tatu. Ya kwanza ni plastiki angavu: kioo cha mbele, madirisha, taa. Plastiki hii ni ngumu lakini hukatika kwa ghafla, na watengenezaji wengi huifanya ishike bawaba. Itafute mistari midogo kama nywele kuzunguka pini. Ukiiona, mdoli huo utavunjika hapo siku si nyingi. Ya pili ni plastiki ya rangi iliyopata weupe kwenye kona au kwenye mkunjo. Weupe huo unaonyesha imekunjwa kupita uwezo wake, na nguvu imekwisha pale. Ya tatu inawahusu wanaonunua midoli ya zamani, ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na ya 1990. Plastiki ya dhahabu yenye chembe zinazometameta ndani yake ina kasoro ya asili inayojulikana na wakusanyaji dunia nzima. Kadiri miaka inavyopita inakuwa kavu na kumomonyoka, hata kama mdoli haujawahi kuchezewa. Mdoli wa aina hiyo ukiukuta, utazame tu, usiugeuze, na usiulipie bei ya mzima.

Malizia na rangi. Lowanisha kidogo kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyopakwa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, huo si mdoli wa kumpa mtoto anayeweka vitu mdomoni. Harufu kali ya rangi au ya plastiki isiyoisha baada ya sanduku kufunguliwa ni sababu ya kutosha ya kuurudisha.

Seti inayoungana

Kuna midoli inayouzwa kwa seti, na hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Mfano unaojulikana zaidi ni Constructicons za mwaka 1985: mitambo sita ya ujenzi, kila mmoja ukiwa roboti yake, na sita hizo zikiungana zinakuwa jitu moja liitwalo Devastator. Bonecrusher ni katapila, Scavenger ni kijiko, Scrapper ni mtambo wa kubebea kifusi, Hook ni kreni, Long Haul ni tipa, Mixmaster ni gari la zege. Watoto wa Manyoni na Itigi, ambako kipande cha reli ya SGR kutoka Makutupora kwenda Tabora kinapita, wanaijua mitambo hiyo kwa macho yao, na naamini hii ndiyo seti ambayo mtoto wa kwetu angeielewa mara moja bila kuona filamu. Hasbro waliitoa upya mwaka 2015 kwa umbo kubwa, jitu la karibu sentimita 46.

Ubaya wa seti ni kwamba thamani yake iko kwenye muungano. Katika Devastator, Hook na Long Haul ndio wanaofanya kiwiliwili, na wengine ni mikono na miguu. Akikosekana Mixmaster, una jitu la mguu mmoja. Na zaidi ya roboti sita kuna vipande vya kuungia ambavyo havikai kwenye gari lolote: ngumi, bamba la kifua, silaha. Hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza. Muuzaji wa mitumba anaweza kuwa na roboti zote sita na akaamini kwa dhati kwamba seti imetimia.

Optimus Prime wa mwaka 1984 anafundisha jambo lile lile. Kwa mtazamo wa haraka ni lori na tela. Ukamilifu wake ni pamoja na ngumi mbili zinazochomekwa, bunduki, kigari kidogo kinachoitwa Roller, makombora, na bomba la mafuta la tela. Ukimkuta mnadani kichwa cha lori kitupu bila tela wala ngumi, umekuta sehemu ya mdoli, na bei iwe ya sehemu.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumza bei ya seti yoyote, tafuta kwenye simu picha ya karatasi yake ya maelekezo. Wakusanyaji wamezihifadhi nyingi sana mtandaoni. Panga vipande vyote chini kwa kufuata picha hiyo. Kilichokosekana kiseme mbele ya muuzaji, kisha ndipo mzungumze.

Bandia

Midoli mingi ya bei ndogo madukani ni nakala ambazo mwenye jina hajaziidhinisha. Nyingine zimekuzwa, zikawa kubwa kuliko ile halisi, na mnunuzi akadhani amepata zaidi. Zichunguze kwa utulivu. Maandishi ya sanduku yana makosa ya herufi, au picha imefifia kama iliyopigwa kutoka picha nyingine. Mhuri wa Hasbro au Takara Tomy haupo kwenye plastiki, au pale unapotakiwa kuwepo pamelainishwa. Skrubu zimeshika kutu. Uzito haulingani na ukubwa.

Sisemi kwamba nakala zote ni takataka. Zipo zenye viungo vizuri. Tatizo ni kwamba kwa mdoli usio na jina la mtengenezaji huna wa kumuuliza juu ya rangi iliyotumika, sumaku au betri, na sheria inakataza mtu kuuziwa bandia kwa jina la halisi. Tanzania Bara, Tume ya Ushindani, FCC, inasimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 pamoja na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na ndiyo inayopokea malalamiko ya bidhaa bandia. Ubora na usalama wa bidhaa ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Lalamiko lako litasikilizwa ukiwa na risiti. Dai risiti ya EFD hata kwa mdoli mmoja, iandikwe jina la bidhaa, na uipige picha, kwa sababu maandishi yake hufutika kwa joto na jua.

Betri, sumaku na kipande kidogo

Naomba kila mzazi asome sehemu hii hata kama hana mpango wa kununua.

Roboti nyingi zenye taa au sauti hutumia betri za kifungo, zile bapa zinazong'aa. Ya hatari zaidi ni ya lithiamu yenye upana wa milimita 20, inayoandikwa CR2032. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, umeme wake mdogo hugeuza majimaji ya mwili kuwa kitu kinachounguza nyama kama magadi makali. Ndani ya saa 2 inaweza kuunguza vibaya njia ya chakula. Betri iliyokwisha, isiyowasha taa tena, bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Puani na sikioni nako inaunguza.

Kwa hiyo mlango wa betri lazima ufungwe kwa skrubu. Unaofunguka kwa ukucha, usiununue kwa nyumba yenye mtoto mdogo. Hata wenye skrubu uhakikishe kwa bisibisi kwamba imekaza, na betri kuukuu zisiachwe juu ya kabati au kwenye droo.

Ikitokea mtoto amemeza, au unashuku tu, mpeleke mara moja hospitali yenye eksirei: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida, St. Gaspar kule Itigi, Makiungu kwa walio Ikungi, au yoyote iliyo karibu zaidi. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji. Jambo moja linaruhusiwa, nalo Singida tunalo tele: asali. Wataalamu wa sumu wanashauri mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye betri imeingia ndani ya saa 12 zilizopita, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara sita, huku mkiwa njiani. Asali huipaka betri na kupunguza kasi ya kuunguza. Haiitoi wala haitibu. Msikae nyumbani kusubiri asali ifanye kazi, na msipoteze muda kuitafuta kama haipo ndani. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.

Sumaku nazo zina hatari yake. Baadhi ya midoli hushikisha silaha au mikono kwa sumaku ndogo zenye nguvu. Moja ikimezwa huweza kupita, lakini mbili hutafutana ndani ya utumbo, zikabana kuta zake na kuzitoboa. Kipande chenye sumaku kikipasuka, mdoli huo uondoke mikononi mwa mtoto siku hiyo hiyo.

Kwa vipande vidogo kuna kipimo cha nyumbani. Viwango vya kimataifa vya midoli hutumia kikopo chenye upana wa milimita 31.7 kupima kitu kinachoweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Kizibo cha bati cha chupa ya soda kina karibu upana huo huo. Simamisha kipande wima, weka kizibo juu yake. Kikifichika chote ukitazama kutoka juu, na urefu wake hauzidi upana wa vidole vitatu, kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo. Ngumi za roboti, bunduki zake na makombora yake karibu yote yataanguka kwenye kipimo hicho. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, roboti ya kaka yake ikae juu, na silaha zake ziwe ndani ya kopo lenye mfuniko.

Vumbi la kiangazi

Singida ina upepo na ina vumbi. Tangu Mei mpaka mvua zinapoanza Novemba, vumbi laini huingia kila mahali, na kiungo cha roboti kinalipokea kwa urahisi. Likishaingia linafanya kazi ya msasa: kila unapogeuza, linasaga plastiki, na kiungo kilichokuwa kigumu kinalegea kabla ya wakati. Roboti iwekwe ndani ya kabati la kioo au sanduku lenye mfuniko, na isafishwe kwa mswaki laini mkavu au brashi ndogo ya rangi kabla ya kuigeuza. Usiitumbukize kwenye maji yenye sabuni kama ina skrubu, springi au betri. Ndani itashika kutu bila wewe kuona.

Kosa ambalo ni rahisi sana kulifanya mkoani kwetu ni kulainisha kiungo kigumu kwa mafuta ya alizeti, kwa kuwa yapo kila nyumba. Mafuta ya kula yakikaa hewani huganda yakawa kama gundi, na vumbi likinata humo kiungo kinakwama kabisa. Kinachofaa ni grisi ya silikoni, kidogo sana, kwenye ncha ya kijiti. Kiungo kilicholegea kina dawa rahisi pia. Paka tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye kijiduara au pini, ukiwa umekichomoa, acha likauke kabisa, kisha rudisha. Unene huo mdogo unarudisha msuguano. Skrubu iliyolegea inakazwa na fundi simu yeyote, kwani ana bisibisi ndogo zinazoingia. Nafasi ya pini iliyopotea mara nyingi inaweza kuzibwa kwa kipande cha spoku ya baiskeli, nyaya zile zile ambazo watoto wetu huzitumia kutengeneza magari yao. Supaglu uiogope. Huacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu, huingia kwenye kiungo ikakigandisha, na zipo plastiki za viungo ambazo haizishiki hata kidogo.

Jua nalo lina madhara. Plastiki nyeupe hugeuka njano, na stika hubanduka. Usiiweke roboti dirishani wala juu ya kabati chini kabisa ya bati lisilo na dari. Matairi ya mpira laini usiyaache yakiegemea plastiki nyingine kwa miezi, kwa sababu huiyeyusha polepole na kuacha alama isiyotoka. Na kama hutaichezea kwa muda, toa betri. Zikivuja, chumvi yake hula nyaya.

Ukiagiza kutoka mbali

Midoli ya gharama haikai kwenye rafu za Singida. Wengi huagiza kwa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, na kifurushi kinasafiri kwa basi karibu kilomita 700 mpaka stendi ya Misuna. Kabla ya kutuma fedha, omba simu ya video. Picha haitoshi, kwani picha inaweza kuwa ya mdoli wa mtu mwingine. Muuzaji aigeuze mbele yako, aonyeshe mhuri chini ya unyayo, apange vipande vyote mezani, na alitaje jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mkubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara kikifika kimevunjika. Tumia namba ya malipo ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi pale inapowezekana. Kifurushi kikifika, kifungue hapo hapo stendi ukiwa na mtu wa kukurekodi kwa simu, kuanzia gundi ya nje ikiwa haijakatwa.

Ukiagiza nje ya nchi, bei unayoiona kwenye skrini ni mwanzo tu. Kuna usafiri, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, na thamani inayotozwa huhesabiwa pamoja na usafiri na bima. Uliza ofisi ya TRA kabla ya kulipa, ukiwa na bei na uzito mkononi. Usimruhusu muuzaji aandike thamani ya uongo kwenye kifurushi ili kukwepa kodi. Kikizuiliwa, anayehangaika ni wewe.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, chukua roboti rahisi ya hatua chache, isiyo na betri wala makombora. Kwa aliyefika miaka 10 anayependa mafumbo, daraja la Hasbro liitwalo Deluxe, lenye urefu wa kama sentimita 14, au Voyager, lenye kama sentimita 18, linatosha kabisa na viungo vyake vinavumilia. Mkusanyaji mtu mzima ambaye fedha yake inatosha kwa mdoli mmoja tu kwa mwaka anunue Masterpiece mmoja uliokamilika, aache seti ya bei nafuu yenye mapengo. Na popote utakaponunua, iwe dukani mjini, Kiomboi au kwenye turubai la mnada, omba kuigeuza mwenyewe kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, rudisha fedha yako mfukoni.